Pete Nyeupe Kwenye Kikombe: Fizikia Iliyobaki Nje ya Darasa

Katika miji ya Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita, kama ilivyo katika miji mingine mingi ya nchi yetu, yameenea maduka madogo ya vifaa vya ofisi ambayo, pamoja na kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti, huchapisha picha na maandishi kwenye vikombe vya kauri. Vikombe hivi hutolewa zawadi katika harusi, mahafali, ubatizo na sherehe za kuagana kazini. Mashine inayotumika ni ndogo, hukaa juu ya meza, na ile ya bei nafuu yaweza kununuliwa na kijana mmoja kwa akiba yake, au na kikundi cha vijana kwa mkopo wa halmashauri. Yafaa tukumbuke ya kwamba mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha ya umma, nayo sharti irudishwe.

Sasa itokeapo kwamba vikombe vinatoka vimekoza rangi katikati na kufifia ukingoni, au vina mstari mweupe karibu na mkono, au vina madoa kama ngozi yenye mba, hasara ni ya mwenye mashine. Bwana harusi aliyeagiza vikombe 100 hatapokea 30 vilivyofifia. Wala kikombe kilichokataliwa hakiwezi kuoshwa kikachapwa upya, kwa maana rangi imekwisha kupenya ndani ya ganda lake. Ushauri ambao kijana huyu hupewa, na wauzaji wa mashine na hata na wasomi, ni mmoja tu: mashine yako ni ya bei rahisi, nunua iliyo bora zaidi.

Mimi naupinga ushauri huo. Siupingi kwa kuwa mashine ya bei rahisi ni nzuri. La hasha, aghalabu ina kasoro. Naupinga kwa sababu unamfundisha kijana kununua kabla ya kupima. Tena unatolewa katika nchi ambayo kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa sekondari hufanya mtihani juu ya upitishaji wa joto, na maarifa yote yanayotakiwa ili kuitibu pete ile nyeupe yamo katika mada hiyo.

Tuanze na jambo lenyewe. Wengi wetu twaijua kafuri. Ukiiacha wazi hupungua siku hadi siku, mpaka ikatoweka bila kuacha hata tone moja la maji. Imetoka katika hali ya ugumu ikawa gesi pasipo kupitia hali ya umajimaji, na mgeuko huo ndio uitwao usablimishaji. Rangi zinazotumika kuchapisha vikombe zina tabia ya namna hiyo. Ni za jamii ya rangi zilizobuniwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya nyuzi za asetati, ambazo hazikuwa zikikubali rangi za kawaida, na baadaye zikatumika sana kwa poliesta. Wino wenye rangi hiyo huchapwa kwanza kwenye karatasi, karatasi ikazungushwa kwenye kikombe, kikombe kikabanwa ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi kwa dakika mbili, tatu au nne. Rangi hugeuka gesi, nayo gesi hupenya ndani ya ganda jembamba la polima lililopakwa kwenye kikombe kiwandani. Joto likishuka, rangi hunaswa humo. Kauri yenyewe hainywi rangi hii, na ndiyo maana kikombe cha kawaida cha dukani, kisicho na ganda hilo, hakichapiki hata kwa mashine ya gharama kubwa.

Nafungua mabano hapa kwa ajili ya walimu wa Geita. Mwanafunzi aweza kuuliza kama zebaki inayochomwa kwenye mialo ili kuacha dhahabu ni mfano wa usablimishaji. Siyo. Zebaki ni kimiminika, nayo huchemka kwa nyuzi 357. Ni mvuke wa kawaida, ingawa ni sumu kali. Hata hivyo swali hilo ni zuri, nalo halifai kukatishwa.

Turudi kwenye kikombe. Kama gesi ya rangi inahitaji nyuzi 180 na zaidi, basi mahali popote ambapo uso wa kikombe haukufikia joto hilo kwa muda wa kutosha patafifia. Mtumiaji hujibu, “Lakini mashine inaonyesha 180!” Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mashine hizi zina blanketi la mpira wa silikoni lililopindwa kwa mviringo, na ndani yake umepitishwa waya unaopata moto. Kihisio cha joto ni kimoja tu, nacho kimewekwa mahali pamoja kwenye blanketi hilo. Namba inayosomeka kwenye kioo ni halijoto ya mahali hapo pamoja. Haisemi lolote juu ya mdomo wa kikombe, wala kitako chake, wala upande ulio karibu na mkono ambako blanketi linakoma.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu angelielewa jambo hili upesi kuliko wengi wetu tulio na shahada. Hakuna mchimbaji mwenye akili timamu atakayeingia gharama ya duara kwa kutazama jiwe moja. Huchukua mawe ya hapa na pale, huyatwanga, huyaosha kwenye karai, ndipo aseme kama mwamba una kitu. Migodi mikubwa nayo hutoboa mashimo mengi ardhini na kupima sampuli nyingi mno kabla ya kuchimba, kwa kuwa dhahabu haikutawanywa sawasawa katika mwamba. Joto nalo halikutawanywa sawasawa katika blanketi la silikoni, wala mtu mmoja hajasema lazima litawanyike.

Je, kwa nini joto lisijitawanye lenyewe ndani ya kikombe mpaka likalingana? Hapa nawaomba wanafunzi washike kalamu. Uwezo wa kauri wa kupitisha joto ni mdogo, takriban wati 1.2 kwa mita kwa nyuzi moja, ilhali wa alumini ni zaidi ya 200. Muda ambao joto huhitaji kusafiri ndani ya kitu hukua kwa mraba wa umbali. Ukuta wa kikombe una unene wa milimita 4 hivi, nao joto huupenya kwa muda wa nusu dakika. Lakini ili litembee sentimita 3 kando kando, kutoka katikati kwenda mdomoni, litahitaji dakika kama 25. Kazi yote ya kuchapa haizidi dakika 4. Basi mahali palipoanza na baridi pataendelea kuwa na baridi hadi mwisho, kana kwamba jirani yake hayupo.

Hewa ni mbaya zaidi kuliko kauri. Hewa hupitisha joto kwa kiasi cha mara 40 pungufu. Nafasi ya hewa ya nusu milimita kati ya blanketi na karatasi ni sawa na kuweka hapo ukuta wa kauri wenye unene wa sentimita 2. Kwa hiyo, kikombe ambacho ni chembamba kidogo chini kuliko juu, au blanketi lililokazwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, huleta ufifi ambao macho hayaoni chanzo chake.

Umeme nao una sehemu yake. Nguvu ya kipashio hufuata mraba wa volti. Chukua mashine ya wati 300 iliyotengenezwa kwa volti 230. Mwishoni mwa laini ndefu, saa za jioni, tuseme volti zimeshuka hadi 190: nguvu iliyobaki ni wati 205 tu. Sasa kikombe cha gramu 350, chenye joto maalumu la takriban kilojuli 0.9 kwa kilo kwa nyuzi moja, kikitolewa nyuzi 25 na kufikishwa 180, kinahitaji kilojuli 49 hivi. Kwa wati 300 zitapatikana kwa sekunde 163; kwa wati 205 zitahitajika sekunde 239. Hapo tumedhani kwamba joto lote linaingia kikombeni, jambo ambalo si kweli, kwani lingine hupotea hewani na kwenye fremu. Anayefuata jedwali la muuzaji lisemalo “nyuzi 180, sekunde 180” atapata kikombe kizuri asubuhi na kibaya jioni, kisha atalaumu wino.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng’ambo, hatukuruhusiwa kutia sampuli yoyote ndani ya tanuri la maabara mpaka tumelichora tanuri lenyewe: tuliweka vipimajoto pembe zote, juu na chini, tukaandika mahali gani pana nyuzi ngapi. Lilikuwa tanuri la gharama kubwa sana, nalo lilikuwa na pembe zake za baridi. Tofauti kati ya maabara ile na duka la Katoro haiko katika ubora wa mashine peke yake. Iko katika ile ramani ya joto iliyobandikwa mlangoni.

Ramani hiyo yaweza kuchorwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Karatasi ya risiti za EFD, ambayo kila mmoja wetu anayo mfukoni, ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Weka mashine kwenye nyuzi 100 hivi, iache ipate moto, zungusha vipande vya risiti kwenye kikombe kikuukuu huku upande unaoandikika ukitazama nje, kibane kwa sekunde chache, kisha fungua. Panapokuwa peusi ndipo joto lilipofika kwanza. Palipobaki peupe ndipo penye ubaridi au penye hewa. Rudia kwa sekunde zaidi, uone weusi unavyotambaa. Karatasi hii haikuambii ni nyuzi ngapi, ila yakuonyesha mahali. Anayetaka namba na atumie mita ya fundi umeme yenye waya wa kupimia joto, ncha yake ikibanwa kati ya karatasi na kikombe. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso, tulivyovizoea wakati wa janga la UVIKO-19, havifai kwa kazi hii, maana vimetengenezwa kwa joto la mwili tu.

Baada ya ramani, lifuatalo ni jaribio, na hapa ndipo ninapotaka walimu wakae zaidi. Washukiwa ni watatu: karatasi iliyochapwa, kikombe, na mashine. Usichape picha ya maharusi, kwa sababu picha huficha kasoro. Chapa karatasi yenye rangi moja iliyo sawa kila mahali, kijivu cha wastani kwa mfano. Kikombe cha kwanza kibane kwa desturi, uone pete nyeupe iko wapi. Tuseme iko mdomoni. Kikombe cha pili, chenye karatasi ya namna ile ile iliyofungwa vile vile, kiingize kikiwa kimegeuzwa, mdomo ukae mahali ambapo kitako hukaa. Pete ikihamia kitakoni, yaani ikabaki upande ule ule wa mashine, mashine ndiyo yenye makosa. Ikiufuata mdomo, mashine imeponea, nawe una washukiwa wawili. Kikombe cha tatu kiweke kwa desturi, ila karatasi pekee uipindue juu chini. Pete ikifuata karatasi, kichapishi chako kinatoa wino usio sawa. Ikibaki mdomoni, kikombe ndicho chenye ganda jembamba au umbo lisilonyooka. Vikombe vitatu, badiliko moja kila mara, mengine yote yakibaki kama yalivyo. Huwezi kupata mfano mzuri kuliko huo wa jaribio lenye kudhibitiwa, nami nimewaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu wanaoweza kukariri maana ya jaribio la namna hiyo lakini hawajapata kulifanya.

Tiba hutegemea jibu. Kama ubaridi uko kingoni mwa blanketi, picha isikaribie ukingo kwa chini ya sentimita moja, joto lipunguzwe kidogo na muda uongezwe, ili kingo zipate nafasi ya kufika bila katikati kuungua. Rangi nyeusi inayogeuka kuwa ya kahawia ni dalili kwamba umepita kiasi. Kama pana ulegevu, kaza skrubu, na mahali palipolegea ongeza kipande cha karatasi nyembamba kati ya blanketi na kikombe. Madoa madogo yaliyotapakaa, hasa katika miezi ya mvua, aghalabu ni unyevu: karatasi imefyonza maji, maji yamekuwa mvuke, mvuke umeisukuma gesi ya rangi. Ikaushe karatasi kwanza juu ya blanketi lenye joto. Picha yenye kivuli maradufu ni karatasi iliyoteleza, ongeza utepe. Kama volti ni pungufu, usihesabu sekunde tangu ulipofunga mashine. Anza kuhesabu pale namba ya joto inaporudi mahali pake. Na kama sehemu ya waya ndani ya blanketi imekatika, hakuna ujanja, nunua blanketi jingine. Ni sehemu ya mashine, si mashine nzima. Waya wa ardhi ukaguliwe na fundi, na mashine isifunguliwe ikiwa imechomekwa.

Nataka sasa kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya walimu wenzangu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona mchanganyiko wake wa moto ukiganda mapema kuliko uliopoa. Mwalimu wake alimwambia kuwa amekosea. Ni baadaye, alipokuwa Mkwawa, ndipo alipomwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, naye Osborne, badala ya kucheka, akaagiza jaribio lifanywe. Makala yao ilitoka mwaka 1969. Hata leo wanafizikia wanabishana kama jambo lile hutokea sikuzote au hata kama limethibitika vema, na ubishi huo haupunguzi heshima ya swali. Sisi twapenda kumtaja Mpemba katika hotuba. Lakini mwanafunzi akileta darasani kikombe chenye pete nyeupe kutoka dukani kwa kaka yake, wangapi kati yetu wataahirisha somo la siku hiyo?

Nauliza hivyo kwa sababu tangu Januari 2024 sekondari zetu zina mkondo wa amali pamoja na ule wa jumla. Ni hatua niliyoifurahia. Hofu yangu ni kwamba tutakuwa na wanafunzi wa amali wanaofundishwa kubonyeza, na wanafunzi wa jumla wanaofundishwa kukokotoa, nao wasikutane. Lugha nayo inazidisha pengo. Kwenye karakana tunasema “hapa hapashiki moto”, “umeme mdogo”, “imelegea”. Darasani mambo hayo hayo matatu huitwa kwa majina ya Kiingereza, nayo hukaa kwenye daftari kama mambo ya nchi nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia taasisi yake ya Kiswahili, kilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Upitishaji joto, ukinzani na kanieneo ni maneno yaliyo tayari. Simtaki mwalimu aache lugha ya mtihani. Namtaka aseme mara moja tu, mbele ya mashine, kwamba kile fundi anachokiita kulegea ndicho kinachofanya hewa ikae katikati na kuzuia joto.

Watasema shule hazina fedha za mashine. Shule haihitaji kuinunua. Mwenye duka anayo, na ana vikombe vilivyoharibika. Shule ina vijana 40 wenye kalamu na saa. SIDO, ambayo tangu 1973 kazi yake ni viwanda vidogo, ina ofisi mikoani na ingeweza kuwakutanisha. Kikundi kinachopewa mkopo wa halmashauri kingeweza kutakiwa kuleta, pamoja na bei ya mashine, ramani ya joto ya mashine hiyo baada ya wiki ya kwanza. Hakuna gharama hapo ila risiti chakavu.

Litakalobaki hata baada ya hayo yote ni kikombe cha kwanza cha asubuhi, ambacho hufifia kuliko cha tatu ingawa namba kwenye kioo ni ile ile. Fremu ya chuma na sehemu za nje za blanketi bado zina ubaridi wa usiku, nazo zinaendelea kunyonya joto wakati kihisio kimekwisha kuridhika. Funga mashine mara mbili ikiwa na kikombe kisichohitajika kabla ya kuanza kazi ya mteja. Vile 30 alivyovikataa bwana harusi vinafaa sana kwa shughuli hiyo.